Kungoja kwa Ajuaye na Kungoja kwa Afichaye

Twapenda kuwaza pamoja nanyi juu ya neno ambalo wanaume wetu hawapendi kulitaja. Penye soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904, twasikia wazee wakizungumza bei ya samaki na ya karafuu, hata madeni yao. Lakini habari za tezi dume hakuna azisemaye. Je, mtu ana haki kuuficha ugonjwa wake, akisema, "Mwili ni wangu"?

Tezi hiyo ni ndogo, nayo yakaa chini ya kibofu cha mkojo. Saratani yake ikiwa changa, mara nyingi haina maumivu wala dalili yo yote. Huanza kushukiwa kwa kipimo cha damu kiitwacho PSA, kisha huhakikishwa kwa kutoa vipande vidogo vya tezi. Siku hizi, katika hospitali kadha za Ulaya na Marekani, waganga humlaza mgonjwa ndani ya mashine ya sumaku ionyeshayo picha za mwili. Huingiza uzi mwembamba upitishao mwanga wa leza hata penye uvimbe, wakauchoma, huku picha zikiwaonyesha joto limefika wapi. Sehemu nzima ya tezi huachwa, ili mtu asipoteze nguvu za kiume wala asishindwe kuzuia mkojo. Lakini njia hii ingali changa. Tena haimfai mtu ambaye saratani yake imekwisha enea.

Hapo mwenye kuficha atajibu: "Ikiwa haina maumivu, ya nini kuitafuta?" Neno lake si la upuuzi. Huko Uingereza wanaume 1,643, ambao saratani yao haikuwa imetoka katika tezi, waligawanywa mafungu matatu: hawa wapasuliwe, hawa wapigwe mionzi, hawa waangaliwe tu. Habari zilizotolewa mwaka 2023, baada ya miaka kama 15, zaonyesha kuwa waliokufa kwa ugonjwa huo hawakufika 3 katika kila 100, na mafungu hayo hayakupitana sana. Basi haraka nayo yaweza kuwa kosa.

Lakini tuangalie vema. Wale walioangaliwa hawakujificha. Walipimwa tena na tena, na zaidi ya nusu yao walitibiwa baadaye. Kungoja kwao na kungoja kwa afichaye hufanana kwa nje, maana wote wamekaa nyumbani; ila mmoja amechagua, na mwingine ameuacha ugonjwa umchagulie. Huyu wa pili ndiye avushwaye bahari kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa umekwisha ingia mifupani; na mke na watoto, ambao hawakuulizwa shauri, ndio watafutao nauli na kukesha wakimwuguza.

Kwa hiyo mwili si wa mtu peke yake, kwa kuwa walao jasho lake watashiriki na maumivu yake. Wahenga walisema, Mficha uchi hazai. Mwanamume aliyefika miaka hamsini yampasa kwenda kwa mganga, aulize faida na hasara za kipimo, kisha azungumze na mkewe. Akiisha kujua, akachagua leza, au kisu, au kungoja, nani atamlaumu?