Sura ya Mtu Isitoke Dukani

Mura, umesema fedha za ng'ombe watatu uliowauza zinatosha jambo moja tu. Ama ununue kompyuta ya mezani yenye kadi nzito ya grafiki, uzalishe picha za akili mnemba hapo hapo Mugumu bila intaneti, ama ulipie huduma za mtandaoni na kubakiza mtaji wa karatasi na wino. Umeniuliza mimi kwa sababu nilichora mabango Tarime miaka mingi, kwa brashi na stensili nilizozikata kwa wembe. Nitakujibu, ila mashine yenyewe nitaigusa mwishoni.

Wanaoingia dukani kwako wanataka nini? Kadi za michango ya harusi, fulana za msiba zenye picha ya marehemu, nembo za kambi za watalii upande wa Ikoma. Na Desemba ikikaribia, msimu wa tohara, huja mabango ya kupinga ukeketaji. Haya ndiyo yanayoninyima usingizi.

Zamani ofisi moja ilinipa picha ya binti aliyekimbia kukeketwa, nikamchora kwenye ukuta karibu na soko. Nilimchora vizuri, na ndilo lililokuwa kosa langu. Siku ya gulio watu wakaanza kutaja jina la baba yake. Usiku nilirudi na ndoo ya rangi nyeupe, nikaupaka ukuta mara mbili. Yule binti alihamishwa kutoka alikokuwa amehifadhiwa. Tangu hapo sijachora sura ya mtoto bila kujiuliza nani ataiona.

Wewe utakuwa na chombo ambacho mimi sikuwa nacho. Mashine inaweza kukutolea uso wa msichana asiye binti wa mtu yeyote. Itumie hiyo kwa bango. Lakini usiipe picha ya binti halisi na kuiambia "mbadilishe kidogo", hasa kwenye huduma ya mtandaoni. Kwenye vifurushi vya kawaida vya Midjourney, picha unayotengeneza huonekana na watumiaji wengine. Kuificha kunataka kifurushi cha bei kubwa zaidi. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti juu ya kupeleka taarifa za mtu nje ya nchi. Seva hizo haziko Musoma, mura.

Usidhani nakuambia mtandao ni adui. Tangu 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map, wengi wao wakiwa ng'ambo, wamechora vijiji vyetu kwenye ramani huria ya OpenStreetMap kwa kutazama picha za satelaiti. Bila intaneti kazi hiyo isingefanyika. Lakini ramani hupakuliwa kwenye simu mapema, maana anayekwenda usiku kumwokoa binti asikeketwe atapita mahali ambapo mtandao haushiki. Shirika la Hope for Girls and Women la Rhobi Samwelly, lenye nyumba salama Butiama na Mugumu, limezitumia ramani hizo. Barabara na mito vilichorwa mbele ya dunia nzima. Binti amelala wapi, hilo halikuwekwa kwenye ramani.

Fanya hivyo hivyo. Mandhari, maua ya kadi, herufi, michoro ya swala kwenye fulana: tafuta mtandaoni, lipia mwezi mmoja mmoja kazi inapokuwepo. Sura ya mtu ibaki kwenye mashine yako.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niipende mashine ya dukani, na hii inanigusa moyo. Modeli hizi zimelishwa mabilioni ya picha zilizokusanywa mtandaoni, na sisi humo ni wachache mno. Ukiomba mzee wa Kikurya anapiga litungu, usishangae ukipewa Mmasai na gitaa. Kwa Stable Diffusion, iliyotolewa Agosti 2022 ili mtu aiendeshe kwake mwenyewe, unaweza kuifunza zaidi kwa picha chache, hata 20 au 30, kwa njia inayoitwa LoRA. Nenda kwa wapigaji wenyewe, waombe ruhusa, walipe, piga picha nyuzi zote nane na namna mkono unavyokaa. Faili utakalopata nalo limebeba sura za watu, kwa hiyo lifungie kama fedha.

Lakini nyumbu wakivuka Mto Mara pale Kogatende usiwatengeneze kwa mashine kwa tangazo la kambi. Mgeni analipa ili aone alichokiona kwenye picha. Nenda na kamera mwezi wa nane.

Sasa mashine yenyewe. Faili la SDXL, toleo la Stable Diffusion, ni karibu GB 7, unalishusha mara moja tu. Tafuta kadi yenye kumbukumbu isiyopungua GB 8. Soma leseni: modeli ya FLUX.1 schnell inaruhusu kazi za biashara, lakini ndugu yake dev ina masharti yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, mtandao ulizorota nchi nzima, na mwenye mashine yake aliendelea kuchapa. Umeme ukikatika, hata hivyo, mtakaa gizani wote, kwa hiyo tenga fedha ya betri.

Kwa kazi ulizonitajia, nunua kompyuta. Jumamosi nitapanda gari nije Mugumu tuikague kadi kabla hujalipa. Wakati unanisubiri, fungua WhatsApp yako, tazama picha za wafiwa na za watoto ambazo wateja wamekutumia tangu mwaka jana. Kazi iliyokwisha, futa picha yake. Za mabinti wa mabango ya Desemba anza nazo leo.