Aibu i Wapi?

Binadamu hula mbele ya wenziwe kwa furaha, lakini hujificha kwa haya anapotoa mabaki ya chakula kile kile. Haya hiyo ni adabu, wala hapana mwenye akili anayeilaumu. Lakini haya ikizidi kiasi huwa upofu, na methali yatuonya kuwa mficha uchi hazai.

Itazame Nairobi, msomaji. Katika sehemu nyingi za Kibera na Kawangware nyumba zimebanana, na mabomba ya maji machafu hayakuzifikia. Kwa miaka mingi wako waliolazimika usiku kujisaidia katika mfuko wa plastiki na kuutupa nje. Watu wakauita kwa mzaha wenye uchungu choo cha kuruka. Shirika la Umande Trust, lililoanzishwa mwaka 2004, lilishirikiana na vikundi vya wakazi wa Kibera kujenga vituo vya bayogesi. Mtu hulipa shilingi chache akatumia choo safi. Chini ya ardhi liko tangi lisilopitisha hewa; humo vijidudu visivyoonekana kwa macho huozesha kinyesi na kutoa gesi ya methani. Gesi hupita katika bomba hadi jikoni, ikachemsha maji na kuivisha chakula.

Wako waliokikataa kwanza chakula hicho, wakidhani kimenajisika. Je, walikuwa na haki? Shamba lenye samadi huzaa mahindi, na mlaji haulizi yalilelewa na nini. Uchafu, basi, hauko katika asili ya kitu, bali katika mahali kilipowekwa: kinyesi njiani ni maradhi, tangini ni moto.

Hata hivyo, tusisifu werevu wa maskini ili tusahau haki yake. Mjini Vancouver, Kanada, tangu mwaka 2010 joto la maji machafu husaidia kupasha nyumba. Lakini huko mabomba yalitangulia, faida ikafuata. Kibera faida ilitafutwa kwa kuwa mabomba hayakuja. Na mwaka huo huo wa 2010 Katiba ya Kenya, katika ibara ya 43, ilimpa kila mtu haki ya kupata huduma za usafi za kiwango cha kuridhisha.

Aibu, basi, i wapi? Haiko kwa mama apikaye kwa gesi ya choo. Iko kwa mwenye choo nyumbani mwake amchekaye asiye nacho, na kwa jamii iwezayo kujenga isijenge. Kesho huenda wewe ukawa mhandisi, kiongozi au mpiga kura. Mheshimu ageuzaye uchafu kuwa moto. Kisha mwondolee dhiki iliyomlazimu.