Uzito wa Barua na Haki ya Mizani

Stempu ya barua hulipiwa kwa uzito na ukubwa wa bahasha, si kwa maneno yaliyomo. Barua ya posa itokayo Msambweni na ankara ya duka, zikilingana uzito na ukubwa, hutozwa sawa, ziwe zinakwenda Ukunda iliyo karibu au Lodwar iliyo mbali. Msingi wa kutoza kwa uzito bila kujali umbali ulishika mizizi Uingereza mwaka 1840, kwa mageuzi ya Rowland Hill. Kabla yake ada ilifuata umbali na idadi ya karatasi, na mara nyingi mpokeaji ndiye aliyelipa.

Swali la haki huzuka kwenye mipaka ya viwango. Bahasha ya gramu 20 ikiwa kiwango cha kwanza, ya gramu 21 huruka hadi cha pili, ingawa tofauti ni kipande cha karatasi. Je, hiyo ni dhuluma?

Surat al-Mutaffifin, sura ya 83 ya Kurani, inawakemea wanaojipimia kamili na kuwapunja wengine. Kinachokemewa ni hila, si kuwepo kwa mpaka. Fikihi nayo hutaka ujira ujulikane kabla ya kazi. Basi kiwango kilichotangazwa, kinachomhusu kila mtu, pamoja na mizani isiyochezewa, vinatimiza haki. Dhuluma huingia karani anapoegemeza kidole kwenye sahani ya mizani, au mtumaji anapobandika stempu pungufu kusudi, kwani pengo hilo huweza kumwangukia mpokeaji asiye na kosa.