Mfano wa Meli

Lugha yetu ina neno moja linalobeba mizigo mingi, nalo ni mfano. Bwana Yesu alifundisha kwa mifano. Mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Amri inatukataza kujifanyia mfano wa kitu cha mbinguni au cha duniani ili tukisujudie, na huyu huyu Musa aliyeipokea amri hiyo aliagizwa kujenga maskani sawasawa na mfano aliooneshwa mlimani. Na kijana wa hapa Mabatini anayekata maboksi kwa wembe, akayaunganisha kwa gundi mpaka yakawa na omo na tezi, kazi ya mikono yake nayo tunaiita mfano wa meli. Nimeulizwa kama yafaa mwamini atumie jioni zake katika kazi ya namna hiyo. Nyuma ya swali hilo kulikuwa na jingine, zito zaidi: je, kuna kitu ambacho Mkristo hapaswi kukitengenezea mfano?

La kwanza halihitaji maneno mengi. Wapo wanaosema ni kupoteza muda, kwa sababu mfano wa meli haupiki ugali wala haulipi ada. Ni kweli. Lakini kijana yule yule akikaa saa mbili kwenye kibanda akitazama mpira wa Uingereza, hakuna anayekuja kwa mchungaji kuuliza habari za wokovu wake. Katika Kutoka 31 Mungu anamtaja Besaleli kwa jina, na kusema amemjaza roho yake ili afanye kazi ya ustadi: kuchora, kukata vito, kuchonga miti. Mtu wa kwanza ambaye Maandiko yanasema alijazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi fulani hakuwa mhubiri, alikuwa fundi. Tukitaka kuhukumu, tuangalie kama nyumbani watoto wamekula na mke hajaachwa peke yake na mizigo. Zaidi ya hapo tumwache mtu na wembe wake.

Lakini tuelewe kwanza anafanya nini. Watoto wetu tangu zamani hutengeneza magari ya waya, ya maboksi na ya makopo, matairi yake yakiwa kandambili zilizokwisha. Gari likishafanana na lori kiasi cha kutosha, mtoto hulifunga kamba akaenda zake. Anayejenga kwa skeli hatosheki hivyo. Chukua meli mpya ya MV Mwanza, iliyoshushwa majini hapa Mwanza Kusini mwaka 2023. Urefu wake ni mita 92 na ushei. Kwa skeli ya 1 kwa 100, mfano wake unakuwa sentimita 92 na ushei, unaenea mezani. Mlango wa mita mbili unakuwa sentimita mbili. Eneo la sitaha limepungua mara 10,000, na ujazo wa meli nzima mara 1,000,000. Sasa mtu huyu anataka ile reli ya ngazini, ambayo baharia huishika bila hata kuitazama, iwepo, tena iwe na unene unaostahili, yaani unene wa uzi. Huwezi kufanya hivyo bila kuitazama meli halisi kwa namna ambayo abiria haitazami. Sisi tunaosafiri tunajua ilipo choo na inapouzwa chai. Yeye anajua madirisha ya ubavu wa kushoto ni mangapi.

Na meli za ziwa hili, tukiacha mitumbwi na majahazi, zina udugu na kazi yake kuliko tunavyodhani. Ziwa letu halina njia ya meli kubwa kuingia kutoka baharini. Kwa hiyo SS William Mackinnon, ya kwanza ya reli ya Uganda, iliundwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli, kwa treni na kwa vichwa vya wapagazi, ikaunganishwa upya Kisumu na kuanza kuelea mwaka 1900. MV Victoria, ambayo wazee wetu wameipanda tangu mwaka 1961, nayo ilikuja kutoka Glasgow katika vipande na kuungwa Kisumu. Meli hizi zote zilipata kuwa rundo la vipande vyenye namba, na mtu ameinama juu yake akitafuta kipi kinafuata kipi.

Sasa nije kwenye swali la pili. Kijana ninayemsema hakutengeneza MV Mwanza. Alitengeneza MV Bukoba.

Wasomaji wa mbali wanisamehe nikieleza jambo ambalo hapa Mwanza halihitaji maelezo. Asubuhi ya 21 Mei 1996 meli hiyo, iliyotoka Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia kufika kwetu. Ilikuwa imejengwa kuchukua abiria 430. Waliokufa walikuwa mamia, na idadi kamili inabishaniwa mpaka leo, kwa sababu abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa, wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Wengi wamelala katika makaburi ya Igoma. Meli ilielea kwa muda ikiwa chali, na watu waliokuwa ndani walisikika wakigonga bati. Waokoaji wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imenaswa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiibeba, ikatoka, na meli ikazama.

Mzee wa Kanisa mmoja, aliyepoteza ndugu siku ile, alipoiona meli ile ndogo juu ya kabati alinijia. “Mchungaji,” aliniambia, “msiba hauchezewi. Mwambie aivunje.” Sikuliona neno hilo kuwa jepesi, na bado sioni hivyo. Kuna namna ya kukifanya kidogo kitu kikubwa ili kisituume tena. Tunakiweka kabatini, tunakifuta vumbi Jumamosi, na wageni wanakisifia. Mfalme Ahazi, katika 2 Wafalme 16, aliiona madhabahu Dameski ikampendeza, akatuma mfano wake kwa kuhani Uria, kila kipimo sawasawa. Ustadi ulikuwa kamili na moyo haukuwepo. Demetrio wa Efeso alitengeneza vijumba vya fedha vya Artemi na kutajirika. Kwa hiyo usahihi wa vipimo haumtetei mtu. Mfano unaweza kuwa sahihi kabisa ukawa uongo.

Ila sisi Walutheri tuna historia katika jambo hili, na tungekuwa wavivu tusipoiuliza. Mwezi Machi 1522 Martin Luther alitoka kwenye ngome ya Wartburg, akarudi Wittenberg, ambako Karlstadt na wenzake walikuwa wakihimiza picha na sanamu ziondolewe makanisani kwa nguvu. Akahubiri siku 8 mfululizo. Hakuwa mpenzi mkubwa wa picha, lakini alisema haziamriwi wala hazikatazwi, kinachokatazwa ni kuziabudu, na kwamba tukianza kuharibu kila kitu ambacho watu wamekitumia vibaya, hata jua litabidi lishushwe. Kwanza neno lifanye kazi moyoni, nyundo isubiri. Na tazama kilichofuata katika makanisa yaliyomsikiliza. Katika makanisa mengi ya Kilutheri ya Denmark, na ya pwani za Sweden, Norway na Ujerumani ya kaskazini, utakuta mfano wa meli umening'inia kutoka darini, milingoti na kamba zake zote, juu ya vichwa vya waumini. Nyingi zilitengenezwa na mabaharia wenyewe. Nyingine zilitolewa kwa shukrani baada ya kunusurika, nyingine kwa kumbukumbu ya ambao hawakurudi. Watu wanaoishi kwa maji na kufa kwa maji walitaka meli iwepo wanapoomba. Sisi wa ziwa hili tuna haki ileile, ingawa sijaona kanisa la kwetu lililoitumia.

Hata hivyo andiko lililonisaidia zaidi ni Ezekieli 4. Nabii anaagizwa atwae tofali, achore juu yake mji wa Yerusalemu, kisha auzingire: ajenge boma, aweke kambi, apange magogo ya kubomolea, asimamishe bamba la chuma kati yake na mji. Mtu mzima, kuhani, ameketi chini mbele ya majirani na kijiji cha udongo. Kile anachokijenga ni maangamizi ya watu wake mwenyewe, na ni Mungu aliyemwagiza. Wala hakuruhusiwa kujenga akaondoka. Alilazwa ubavu mmoja siku 390, akageuzwa ubavu wa pili siku 40, uso wake umeelekea kile kitofali. Nilimsomea Mzee wetu sura hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema Ezekieli alitumwa na Mungu, kijana huyu ametumwa na nani? Nilikiri kwamba swali lake ni zuri.

Hofu yangu mwenyewe ni nyingine. Ajengaye mfano ni bwana wa ulimwengu mdogo ambao haubishi. Hakuna mzigo unaozidi bila yeye kujua, hakuna nahodha wa kushurutishwa. Na kitu kimoja hakipunguzwi na skeli yoyote, nacho ni maji. William Froude, mhandisi Mwingereza aliyejenga birika la kupimia mifano ya meli huko Torquay katika miaka ya 1870, alionesha kwamba mfano wa 1 kwa 100 lazima uvutwe kwa moja ya kumi ya mwendo wa meli, wala si moja ya mia, ndipo mawimbi yake yafanane na ya kweli. Karatasi na bati hukutii ukizipunguza. Maji yana sheria yao. Watu nao ni kama maji. Mfano ule wa kijana ulikuwa na maboya, nanga, taa, na hata kamba za kufungia gatini, lakini hapakuwa na mtu hata mmoja. Isaya 40 anasema Mungu hupima maji katika konzi ya mkono wake na mataifa kwake ni tone katika ndoo. Kwake vyote ni vidogo kuliko meli ile kabatini. Lakini yeye huyo anajua hesabu ya nywele zetu. Kupunguza kwake hakupotezi kitu. Kwetu sisi kila skeli ina mahali ambapo uso wa mtu unakuwa mdogo kuliko ncha ya brashi, na hapo tunaacha.

Nilimwambia kijana hayo, bila kumwamuru avunje wala aendelee. Wiki chache baadaye alikuja mama mmoja wa ushirika wetu, mwenyeji wa Kagera, ambaye mumewe alisafiri siku ile daraja la tatu. Alikuwa amesikia habari ya meli. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, “Mwanangu, yeye alikuwa wapi hapa?” Kijana akamwonesha kwa kidole, chini, nyuma ya ubavu. Mama akaomba kuona ndani. Hapakuwa na ndani. Palikuwa na boksi tupu. Kisha akauliza jambo ambalo, alisema, hajawahi kumuuliza mtu: kwa nini walipotoboa ilizama, na walikuwa wanataka kuwaokoa?

Kijana akaleta beseni la maji na kikombe cha plastiki. Akakigeuza kikombe, akakisukuma, kikabaki kinaelea na hewa yake. Akakitoboa kitako kwa msumari wa moto. Mama akaangalia kikizama polepole. “Basi hawakuwa wabaya,” alisema. “Hawakujua.” Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwachukia watu wale waliotoboa, na mimi mchungaji wake sikuwa na habari.

Tangu hapo kijana ameifungua sitaha. Anatengeneza mabenchi ya daraja la tatu kwa vijiti vya aiskrimu vilivyopasuliwa, na mama yule huja siku nyingine baada ya ibada kumweleza nani alipenda kukaa upande gani, na nani alisafiri na kuku. Majina anayoyakumbuka kijana huyaandika kwa penseli chini ya mabenchi, ambako hayaonekani. Mzee wa Kanisa hajaenda kuutazama, nami nimesema asilazimishwe na mtu, kwa kuwa huzuni yake nayo ina haki. Jina la meli bado halijaandikwa omoni. Rangi ipo, na brashi ipo.