Insha na Wino Mwekundu

Sisi tufundishao Kiswahili hapa Uganda twasoma mambo ambayo mwalimu wa hesabu hayaoni, kwa kuwa watoto hutuandikia insha. Muhula mmoja tuliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kichwa cha kawaida kabisa, "Likizo Yangu". Msichana mmoja aliandika: "Usiku mjomba ilikuwa inaniamsha na mimi sikutaka." Kisha akaendelea na habari za kuvuna mihogo. Tulipiga mstari chini ya "ilikuwa inaniamsha", tukaandika pembeni "alikuwa ananiamsha", tukampa alama 12 kwa 20. Daftari likarudi kwake.

Siku tatu zikapita kabla sentensi ile haijatujia tena, nasi tumelala.

Je, tulikuwa tumejua jambo, au tulikuwa na dhana tu? Katika chumba cha walimu mwenzetu mmoja, mtu wa makamo na mcha Mungu, alituonya tusizue neno: huenda mjomba alimwamsha akateke maji. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Tumelelewa tusimdhanie mtu vibaya, na malezi hayo ni mema. Lakini tuliona kwamba yeye, na sisi pia, tulikuwa tukijipa kazi ya hakimu ili tupate kusema ushahidi hautoshi. Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, haimtaki mwalimu athibitishe. Yamtaka, akiwa na sababu za maana za kuamini kuwa mtoto ameumizwa, atoe habari kwa ofisa wa ustawi wa jamii au kwa polisi. Kuchunguza ni kazi ya hao. Kwa jirani zetu wa Kenya, waraka wa Tume ya Kuwaajiri Walimu wa mwaka 2010 uliweka hata muda wa kutoa habari za mwanafunzi aliyenajisiwa: saa 24. Saa hizo si nyingi, na twadhani ni vyema ziwe chache, maana ujasiri wa mtu mzima huyeyuka upesi.

Yako pia maneno. Atoaye habari huitwa mchongezi, na sisi wenye kuifundisha lugha yatupasa kulikataa neno hilo mahali pasipo pake. Kuchongea ni kusema ili mtu adhurike. (Namba ya simu ya bure ya kuwasaidia watoto nchini mwetu, 116, imepewa jina la Kiswahili: Sauti.) Neno hilo huuma zaidi mshukiwa anapokuwa mwalimu mwenzetu, ingawa tangu mwaka 2007 sheria ya jinai yetu yahesabu kumnajisi mtoto kuwa kosa zito zaidi mtendaji akiwa na mamlaka juu yake.

Lililotushinda kulitatua ni jingine. Tulipomwita msichana yule, kabla hajasema lolote aliomba, "Mwalimu, usimwambie mtu." Siri ni amana, nasi twawafundisha hivyo. Kama tungeahidi angesema yote, nasi tungekuwa tumemdanganya. Tukikataa, huenda asingesema tena kwa mtu yeyote. Tulikataa. Tukamweleza kwamba wako watu wawili tutakaowaambia, mkuu wa shule na ofisa wa ustawi, na kwamba darasani halitafika. Alinyamaza kitambo, akauliza, "Na mama?" Hatukuwa na jibu. Mjomba ni ndugu wa mama.

Habari ilitolewa siku ile ile. Mjomba aliondoka nyumbani mle. Mama akaacha kuitika salamu zetu, na hadi leo haitiki. Binti alimaliza masomo. Kama anatushukuru au anatulaumu hajatuambia, wala hatukumwuliza.

Kichwa kile cha insha twakitoa bado kila muhula unapoanza. Madaftari twayasoma mara mbili, na mara ya kwanza hatushiki kalamu.