Je, Mapenzi Hufunzwa?

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeziumba nyoyo na ndiye azigeuzaye atakavyo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Ahali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, mjukuu wangu wa kike anasoma Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, hapa hapa kwetu Tunguu. Siku moja baada ya sala ya Laasiri alinijia barazani na kitabu mkononi, akaniuliza: "Babu, mtu anaweza kuwa na mtoto, akamlisha na akamlinda, na asijue kumpenda?" Nikamjibu kwa haraka, kama ilivyo desturi yetu sisi walimu tukiulizwa jambo tusilolifikiri: "Mapenzi hayafunzwi, mjukuu wangu. Mwenyezi Mungu huyatia moyoni." Akanyamaza kwa adabu, akakiacha kitabu juu ya mkeka, akenda zake jikoni.

Kitabu hicho ni Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Unguja, iliyotoka mwaka 1980. Wakati ule mimi nilikuwa kijana nikidurusu fiqhi msikitini, na mwalimu wangu, Mungu amrehemu, hakupenda tusome hadithi za kubuni. Nikaishika amri yake. Basi nimekisoma sasa, na ndevu zangu zimekuwa nyeupe, na nimekisoma mara mbili.

Najua watakuwapo watakaosema: sheikh na riwaya, wapi na wapi? Jawabu langu ni kwamba maneno ya Mwenyezi Mungu hayalinganishwi na maneno ya watu, hilo halina mjadala. Lakini Yeye mwenyewe Subhana ametufunza kwa visa, na akakifanya kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) kuwa miongoni mwa vilivyo bora. Ndani ya kisa hicho wamo watu walioyakosea mapenzi. Ndugu zake Yusuf waliyaona mapenzi ya baba yao kuwa ni kitu cha kunyang'anyana, wakadhani wakimwondoa mmoja, watabaki nayo wao. Mke wa Mheshimiwa wa Misri aliita mapenzi kile kilichokuwa matamanio, na alipokataliwa akamtia mwenziwe gerezani. Na Nabii Yaakub akalia mpaka macho yake yakawa meupe. Basi kuwatazama watu wasiojua kupenda, ili tujitazame sisi wenyewe, si jambo geni katika dini yetu.

Turudi kwenye kitabu. Yumo humo bwana mmoja, Maksuudi, tajiri mwenye jina na heshima mjini, anayetaka na uongozi. Nyumbani kwake ana mke, Bi Tamima, na binti, Maimuna. Binti hatoki nje wala haruhusiwi kuzungumza na watu. Mlango umefungwa, na baba anaamini kuwa mlango uliofungwa ndio malezi. Yeye mwenyewe huko nje hana mpaka alioacha kuuvuka. Inafika siku mkewe anashikwa na uchungu wa kuzaa, anaingia mkunga aliyekatazwa kuingia, na bwana akirudi humpa mkewe kipigo na talaka. Nyumba ile inavunjika. Maimuna anatoka kwenda ulimwenguni naye haujui ulimwengu, na ulimwengu unampokea kwa ulevi na kwa kuuza mwili wake.

Wazee wetu walisema kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nasi tukilisoma neno hili huwa tunafikiria adabu tu: kuamkia, kusitiri mwili, kushusha macho. Lakini tazama ni kipi hasa alichokosa Maimuna. Amri alizisikia za kutosha. Alichokosa ni kusikia ndani ya nyumba yao sauti ya mtu anayemtaka kheri. Hakuijua sauti hiyo inavyokuwa, basi alipofika nje kila aliyemlainishia maneno alimwona ni mpenzi. Mtoto aliyezoea kunywa maji matamu, ukimpa ya chumvi atayatema. Asiyepata kuyaonja matamu atayatema kwa kipimo gani?

Na huyo baba je? Je, alikuwa hana moyo? Lugha yetu hapa ina neno ambalo nimelitumia umri wangu wote bila ya kulizingatia. Mtu akimpiga mnyama asiyeweza kujitetea, au akimfukuza yatima mlangoni, sisi watu wa pwani hatusemi tu kuwa hana huruma. Tunasema: "Huyu hana imani." Neno lile lile tunalomwitia anayemwamini Mungu ndilo tunalomwitia mwenye kuona uchungu wa mwenziwe. Sidhani kuwa wazee walilichanganya kwa ujinga. Walijua kuwa mambo hayo mawili hukaa chumba kimoja, na moja likihama la pili halikai sana.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimbusu mjukuu wake Hasan bin Ali, na mbele yake alikuwapo Al-Aqraa bin Habis, mmoja wa wakubwa wa Banu Tamim. Al-Aqraa akasema kuwa yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamwangalia, akamjulisha kuwa asiyehurumia hahurumiwi. Zingatieni, ndugu zangu. Al-Aqraa hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu aliyelelewa hivyo, katika jangwa, akidhani kuwa ukavu ndio uanaume. Mtume hakumwambia kwamba moyo wake ndivyo ulivyoumbwa basi abaki nao. Alimfunza. Na lisilofunzika halina maana ya kufunzwa.

Hapo ndipo nilipojua kuwa jawabu nililompa mjukuu wangu lilikuwa na kasoro. Lakini lisitupwe lote, kwani ndani yake mna ukweli.

Katika riwaya nyingine, Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na ambayo wanafunzi wengi wa skuli zetu wameisoma, kuna binti wa Kihindi anayeitwa Yasmin. Ameozwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu mzima wa umri wa kumzaa. Raza si katili. Anampa chakula, nguo na nyumba. Anashangaa kwa nini binti hafurahi, na kwa kweli hajui, maana amepima kila kitu kwa mizani ya dukani: nimetoa hiki, nistahiki kile. Yasmin anakimbia, jamaa zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini asiye na ujamaa naye wala kabila moja naye.

Kisa hiki kinanikumbusha cha Mughith na Barira, Radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yao. Barira alikuwa mjakazi, alipoachwa huru akawa na haki ya kuachana na mumewe, akaitumia. Mughith akawa anamfuata njiani Madina, machozi yanamtiririka ndevuni. Mtume (S.A.W.) akamwonea imani, akamsemea kwa Barira amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa ni uombezi tu. Akasema kwamba basi hana haja naye. Na Mtume, ambaye neno lake lilitiiwa na majeshi, hakumlazimisha mwanamke yule.

Kwa hivyo mapenzi yana sehemu mbili. Iko sehemu ya moyo, nayo haiamriwi. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Nisaa, aya ya 129, ametueleza kuwa wanaume hawataweza kuwa sawa baina ya wake hata wakikakamia, na Mtume mwenyewe alikuwa akigawa zamu kwa uadilifu kisha akimwomba Mola wake asimlaumu kwa kile asichokimiliki. Wanavyuoni wamesema ni mapenzi ya moyoni. Na iko sehemu ya mkono na ulimi: uadilifu, upole, kauli njema, kumsikiliza mtu. Hiyo tunaimiliki, na hiyo tutaulizwa. Sura ya Rum, aya ya 21, imetaja mapenzi na huruma pamoja baina ya mume na mke. Moyo ukipungukiwa na la kwanza, la pili halina udhuru. Maksuudi halaumiwi kwa alichokosa kukihisi. Analaumiwa kwa alichokitenda. Na Raza alitenda, lakini hakumsikiliza.

Ningependa makala haya yaishie hapa, yawe juu ya makosa ya Maksuudi na Raza, watu wasiokuwapo. Lakini mjukuu wangu alinisomea na kitabu cha tatu. Hiki ni cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepewa Tunzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kinaitwa Gravel Heart, cha mwaka 2017, na kwa kuwa kimeandikwa kwa Kiingereza alikuwa akinifasiria kidogo kidogo barazani. Baba amehama nyumbani kwake, amekodi chumba, na anakaa humo kimya. Mama kila siku anapika chakula, anakitia kikapuni, na mtoto wao Salim anampelekea baba. Anarudi na vyombo vitupu. Hakuna anayemwambia mtoto kwa nini. Anakua mtu mzima na kwenda ng'ambo akiwa na kikapu kile kichwani mwake, hajui kilikuwa kinasema nini.

Aliposoma hapo nilimwambia basi, imetosha kwa leo.

Ndugu msomaji, mimi nilikaa na mama watoto wangu miaka 34. Sikupata kumpiga wala kumtolea neno chafu, na namshukuru Mungu kwa hilo. Nilikuwa nikitoka Tunguu kwenda Darajani, nikiona samaki anayempenda, humnunulia hata kama fedha ni ya tabu. Alipougua nilimfulia kanga zake kwa mikono yangu. Usiku mmoja aliniita kama alivyozoea kuniita: "Mwalimu, umeniridhia?" Nikamjibu: "Nimekuridhia, duniani na Akhera." Akashukuru. Kisha akawa ananiangalia, kama mtu aliyemtuma mtoto dukani akaletewa kitu kizuri, lakini si kile alichoagiza. Nilijua anangojea nini. Maneno yalinifika kooni, yakaona haya, yakarudi. Kulipopambazuka alikuwa hana tena fahamu za kusikia.

Radhi ni jambo kubwa, na sijuti kuitoa. Lakini nilimpelekea kikapu kila siku kwa miaka 34, na siku aliyoniuliza mna nini ndani yake, sikuweza kumwambia.

Nimefunza watoto Qur-ani kwa zaidi ya miaka 40. Naweza kukwambia nani alihitimu na nani aliishia Juzuu ya Amma. Siwezi kukwambia ni wangapi waliotoka kwangu wakijua kuwa nikiwapenda. Bakora yangu waliijua wote.

Watu husema kuwa mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Maneno hayo yana ukweli, lakini kikohozi hujulikana na aliyepata kukisikia. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba kimya hajui kama kile ni kikohozi au ni upepo. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Anas kuwa mtu mmoja alikuwa kwa Mtume (S.A.W.), akapita mwingine, yule akasema kuwa anampenda mpita njia huyo. Mtume akamuuliza kama amemjulisha. Akasema hakumjulisha. Akaamrishwa akamjulishe, na mtu yule akainuka akamfuata kumwambia. Sisi wanaume wa pwani tumezishika Sunna nyingi, za kilemba na za mswaki. Hii tumewaachia washairi wa taarabu.

Basi baada ya kumaliza vitabu hivyo nilimpigia simu mwanangu aliyeko Maskati. Nikamwuliza hali, nikamwuliza watoto, kisha nikamwambia: "Mwanangu, mimi nakupenda kwa ajili ya Mwenyezi Mungu." Kukawa kimya. Nikadhani simu imekatika. Kisha nikamsikia akiuliza, na sauti yake ina hofu: "Baba, unaumwa?"

Sikumlaumu. Mimi ndiye niliyemfunza kuwa maneno hayo hayasemwi ila mtu akikaribia kufa.

Mjukuu wangu nimemwita, nikamwambia jawabu langu la mwanzo nalifuta. Mwenyezi Mungu huyatia mapenzi moyoni, naam, kama alivyotutia uwezo wa kusema. Lakini mtoto hasemi Kiswahili ila awe amesemeshwa. Akikulia pahala pasiposemwa atakuwa bubu, na hali ulimi anao. Lugha hii ya huruma husomeshwa nyumbani, na walimu wake ni baba na mama, na babu akiwahi.

Enyi wenye nyumba, milango yetu tuifunge usiku, kwani sitara ni jambo la sheria. Lakini aliyemo ndani asijue kuwa amefungiwa tu, ajue na kuwa anatakwa. Na aliyekuwa na mtu wa kumwambia neno, asingoje mpaka aulizwe kama anaumwa.

Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo zetu na ndimi zetu, awarehemu waliotutangulia na haki zao zimebaki shingoni mwetu, na atukutanishe nao katika Pepo yake. Amin.