Gari Jeupe Halizuii Risasi

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Novemba 2019, watu wenye silaha waliivamia kambi ya wahudumu wa Ebola huko Biakato Mines, katika jimbo la Ituri, mashariki mwa Kongo. Waliua mchanjaji mmoja, madereva wawili na askari polisi mmoja. Biakato ni makazi ya wachimba dhahabu, na mtu wa Kerende, huku kwetu Nyamongo wilayani Tarime, akifika huko atayatambua mengi: mashimo, vifusi, vijana waliotoka mbali kufuata mawe. Ndiyo maana nakileta kisa hiki Nyamongo. Waliouawa walikwenda kuokoa watu, na chuki iliyowafikia ilikuwa imeanza kujengeka zaidi ya mwaka mmoja kabla, mchana kweupe.

Mlipuko wa Ebola ulitangazwa katika jimbo jirani la Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Wakazi wa Beni, katika jimbo hilo, walikuwa wakizika ndugu zao waliokatwakatwa kwa mapanga tangu Oktoba 2014, na kila walipopiga yowe waliona msaada haufiki, au unafika maiti zimeshapoa. Ghafla barabara zikajaa magari. Watu wakauliza: miaka yote tunachinjwa hamkuja, leo ugonjwa mmoja umewaleta wote, mnatafuta nini? Lilikuwa swali la haki, na wengi waliopaswa kulijibu walilipuuza.

Ikaja siasa. Mwishoni mwa Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi ya Kongo ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Uchaguzi wao ulisogezwa hadi Machi, ilhali rais mpya aliapishwa Januari. Kesho yake baada ya tangazo, waandamanaji wa Beni walikivamia kituo cha Ebola. Watu wamenyimwa kura kwa jina la ugonjwa. Tangu siku hiyo, kila aliyevaa fulana ya kupambana na ugonjwa akahesabiwa kuwa mtu wa serikali.

Halafu mazishi. Familia imekaa na maiti ya baba yao. Gari linasimama, wanashuka watu waliojifunika kutoka utosini hadi unyayoni, barakoa puani, miwani machoni, hata kama aliye ndani ya vazi lile ni jirani yako huwezi kumjua. Nyuma yao wamesimama polisi na bunduki. Maiti inatiwa kwenye mfuko, zipu inafungwa, ndugu hawaoshi wala hawagusi. Kitaalamu hatua hizo zina sababu, kwa kuwa maiti ya aliyekufa kwa Ebola inaambukiza sana. Lakini bunduki haikuwa sehemu ya tiba. Februari 2019 vituo vya Madaktari Wasio na Mipaka vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya wiki moja, na mwezi uliofuata shirika hilo likasema wazi kwamba kuwalazimisha watu kwa polisi kunawakimbiza wagonjwa. Tarehe 19 Aprili Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi akiwa kikaoni hospitalini Butembo. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, Juni 2020, ulikuwa umeua watu 2,287.

Hakuna manung'uniko yanayohalalisha kumuua tabibu. Mikataba ya Geneva ya 1949 inawalinda majeruhi na wanaowahudumia, na Mkataba wa Roma unahesabu shambulio la makusudi dhidi yao vitani kuwa uhalifu wa kivita. Hata hivyo hao waliokwenda kusaidia nao wana yao ya kujibu. Septemba 2021 tume huru ilieleza jinsi baadhi ya watumishi wa operesheni ile walivyowatumia wanawake kingono kwa ahadi ya ajira. Nani angeliamini gari ambalo jana lilimshusha mtu wa namna hiyo?

Wapo pia waliouawa bila kosa lolote tunalolijua. Tarehe 26 Aprili 2001, karibu na Bunia, hukohuko Ituri, wafanyakazi sita wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu waliuawa barabarani. Magari yao mawili yalikuwa na alama ya msalaba mwekundu inayoonekana waziwazi. Wanne kati ya sita walikuwa Wakongo. Watu husahau hilo: anayekufa katika kazi hii ya misaada kwa kawaida ni mwenyeji, dereva au nesi wa hapohapo. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulihesabu wafanyakazi wa misaada 383 waliouawa duniani, na walio wengi walikuwa wakihudumu katika nchi zao.

Ugumu mmoja ni kwamba huko Kongo gari jeupe ni la kila mtu. Jeupe ni la mganga, jeupe ni la chakula cha wakimbizi, jeupe ni la askari wa kulinda amani, na askari wale hupigana. Watanzania tunalijua hilo kwa uchungu, maana vijana wetu zaidi ya kumi waliokwenda kulinda amani waliuawa Semuliki, hukohuko Kongo, Desemba 2017. Mwanakijiji aliyejificha migombani hawezi kutofautisha gari la bunduki na gari la dripu kwa umbali wa mita mia mbili.

Kerende hakuna vita, lakini tunajua damu. Tarime imeona koo zikipigana kwa mishale na mapanga kwa ajili ya ardhi na ng'ombe. Mashirika ya haki za binadamu yameandika habari za majeruhi wa mgodi wa dhahabu wa hapa Nyamongo wanaojificha na vidonda nyumbani, wakihofia kwamba wakienda hospitali wataishia mahabusu. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kwao ni mtego. Mgonjwa akishaamini kwamba nesi na polisi ni kitu kimoja, tumeshaingia njia ya Butembo, na siku ya hasira jiwe la kwanza litampata nesi. Vivyo hivyo nesi akiulizwa ni wa ukoo gani kabla hajafunga bandeji.

Kuna jambo jingine tunalifanya bila kujua uzito wake. Msalaba mwekundu umechorwa kwenye maduka ya dawa, kwenye zahanati za watu binafsi, hata kwenye masanduku ya biashara. Alama ile kisheria ni ya huduma za tiba za majeshi na ya mashirika ya Msalaba Mwekundu. Tukiizoesha macho kuwa tangazo la panadol, tunamfunza kijana kwamba haina maana yoyote, na kijana huyohuyo kesho anaweza kuwa ameshika upinde au bunduki.

Kwa hiyo ninawaomba wenye maduka ya dawa wa Kerende, Nyamongo na Tarime mjini wafute msalaba mwekundu ukutani na kuchora wa kijani. Wauguzi wamtibu aliyejeruhiwa kwanza, mahojiano ya polisi yafuate. Na wazee wa koo zote, hadi ng'ambo ya Mto Mara upande wa Serengeti, nawaomba mlipeleke jambo hili kwenye iritongo, baraza letu la jadi, sasa hivi wakati kuna utulivu: gari la wagonjwa lipite kwa kila ukoo bila kuulizwa limembeba nani.